Egemeo la abiria kwenye pikipiki: lishikwe na nini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tabora mjini na ninatumia Boxer. Abiria wangu wengi ni wazee na akina mama ninaowachukua kwenye vijiji vya njia ya Sikonge kuwaleta Hospitali ya Kitete, na karibu wote hulalamika mgongo kwa kukosa pa kuegemea. Nimenunua egemeo la dukani lenye kitako cha chuma na bolti nne fupi, lakini halikuja na maelezo yoyote. Fundi wa kwanza anasema tutoboe siti tulifunge humo, na wa pili anataka kulichomelea kwenye fremu. Siku nyingine nabeba dumu la asali kwenye keria. Nifuate ushauri wa nani, na nilifunge vipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usifuate ushauri wa fundi wa kwanza wala wa yule wa pili. Egemeo la abiria linatakiwa kushikwa na fremu ya pikipiki kupitia matundu ambayo kiwanda kiliyaweka kwa ajili ya kubeba mzigo, yaani yale yanayoshika keria na mshikio wa abiria, na linatakiwa kufungwa kwa bolti, si kwa moto. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa ukishazielewa utaweza kumsimamia fundi yeyote hata kama egemeo lako halifanani na la mwenzako kijiweni.

Tuanze na siti. Ifungue uitazame upande wa chini, au pitisha mkono tu uipapase. Pikipiki nyingi za siku hizi zina siti yenye sakafu ya plastiki ngumu, juu yake sponji, na juu ya sponji kuna leza iliyobanwa kwa pini kuzunguka ukingo. Mbele kuna ulimi unaoingia kwenye fremu karibu na tangi, na nyuma au pembeni kuna bolti mbili. Mpangilio huo unatosha kabisa kwa kazi yake, kwa sababu uzito wa mtu aliyekaa unakwenda chini, na huko chini plastiki inalala juu ya fremu kupitia vipande vya raba. Bolti zile mbili zinaizuia siti isitembee. Hazikuwekwa kumbeba mtu. Ukifunga egemeo kwenye plastiki hiyo unaipa kazi mpya ambayo haiwezi, kwa maana kila abiria anapojitupa nyuma, bolti za mbele za kitako zinavutwa kwenda juu huku ukingo wa nyuma ukiikandamiza plastiki kwenda chini. Ufa huanzia kwenye tundu, nawe hutauona kwa kuwa umefunikwa na sponji. Pamoja na hayo, matundu hayo huingiza maji ya mvua kwenye sponji, na sponji iliyolowa haikauki kwa siku moja.

Wengi hudharau nguvu inayolipata egemeo kwa kuwa mtu akiegemea pikipiki ikiwa imesimama, hata mkono mmoja unaweza kulizuia. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme umeondoa pikipiki kwa ghafla, au umepanda tuta ukiwa umekaza mafuta, na abiria amelisukuma egemeo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 30. Mgongo wake unaligusa sentimita 30 juu ya kitako. Ikiwa bolti za mbele na za nyuma za kitako zimeachana kwa sentimita 6 tu, kama ilivyo kwenye maegemeo mengi ya dukani, bolti za mbele zitavutwa kwa nguvu ya kilo 30 mara 30 gawanya kwa 6, yaani kilo 150. Ukizitenganisha bolti hizo mpaka sentimita 15, mvuto unashuka hadi kilo 60, ilhali abiria ni yuleyule na tuta ni lilelile. Hapo ndipo siri ya kazi yote ilipo: kitako kirefu kwa mbele na nyuma, juu ya chuma kinachobeba, kina thamani kuliko bolti nene na kuliko mto mzuri. Kitako chako cha dukani ni kifupi, na nitakuonyesha namna ya kukirefusha.

Kuhusu kuchomelea, kosa lake ni la aina nyingine. Mabomba ya fremu ya nyuma yana kuta nyembamba, na moto unapopita hubadilisha chuma kilicho kando ya mshono, kisha mtikisiko wa barabara ukikipiga kila siku, ufa huanzia pembezoni mwa mshono, mahali ambapo fundi ataapa kwamba mshono wake bado mzima. Naye atakuwa anasema kweli, kwa kuwa kilichopasuka ni bomba. Halafu kuna tangi la mafuta lililo umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye cheche, na kuna umeme: mashine ya kuchomelea ikifungwa waya wake wa kurudishia umeme mahali pasipofaa, mkondo unaweza kupita kwenye nyaya za pikipiki na kuunguza kifaa cha kuchaji au kile kinachosimamia plagi. Hakuna ubaya kuchomelea vipande vya egemeo lenyewe vikiwa vimetolewa na kuwekwa chini mbali na pikipiki. Hata hapo, ikiwa vipande hivyo vimepakwa zinki kama mabomba ya maji, zinki iondolewe kwanza kwa msasa au grainda pale penye mshono, na fundi akae upande unakotokea upepo, kwa sababu moshi wa zinki humletea mtu homa ya usiku mzima inayofanana sana na malaria.

Kabla hujashika spana, naomba uhakikishe kwamba malalamiko ya abiria wako yanatokana kweli na kukosa egemeo. Umesema unawatoa vijijini, na barabara zinazoingia vijijini kutoka kwenye lami ya Sikonge zina mchanga, na kiangazi hufanya mawimbi madogo yanayofuatana yanayoigonga tairi bila kupumzika. Mgongo wa mzee unaumizwa na pigo linalotoka chini kuliko unavyoumizwa na kukosa pa kulala nyuma. Simama nyuma ya pikipiki, kandamiza mkia wake kwa uzito wako wote kisha uachie; ukirudi juu na kuchezacheza mara kadhaa kabla ya kutulia, shokapu zako zimechoka. Zitazame pia kama zina mafuta yaliyovuja kwenye fimbo. Bonyeza sponji ya upande wa abiria kwa kiwiko; ukiisikia sakafu, sponji hiyo imekwisha. Upepo wa tairi la nyuma nao una kipimo chake kwenye kibandiko cha kiwanda au kwenye kitabu cha pikipiki, na kipimo cha kubeba abiria si kile cha kuendesha peke yako. Ninawafahamu madereva waliofunga egemeo zuri juu ya shokapu zilizokufa, na abiria wao waliendelea kulalamika, safari hii wakisema egemeo linawapiga mgongoni.

Kama hayo yote ni mazima, twende kwenye vipimo. Usipime pikipiki ikiwa tupu. Isimamishe kwa stendi ya katikati mahali pa usawa, wewe ukae mahali pako pa kawaida, mtu mwenye mwili wa wastani akae nyuma yako kama abiria, wote mkiwa na kofia ngumu, na mtu wa tatu ashike futi. Kofia ni lazima katika kipimo hiki, kwa kuwa abiria aliyesogezwa mbele na egemeo lililofungwa karibu mno hukugonga kisogoni kila ukishika breki, na mbaya zaidi hukusukuma kwenye tangi mpaka viwiko vyako vikose nafasi ya kukata kona. Kwa upande mwingine, egemeo likikaa nyuma mno, uzito wa abiria unahamia nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, na tairi la mbele linakuwa jepesi. Kwenye lami hutalijua hilo haraka. Kwenye mchanga utalijua mara moja, usukani utakapoanza kuyumba bila kukusikiliza.

Ili kupata mahali pa katikati, azima timazi ya fundi mwashi. Mwambie msaidizi alishikilie egemeo kwa mkono pale unapodhani litakaa, kisha ashushe timazi kutoka kwenye uso wa mto, yaani upande utakaogusana na mgongo, na atazame kamba inapita wapi ikilinganishwa na katikati ya ekseli ya nyuma. Mimi hupenda kamba ianguke juu ya ekseli au nyuma yake kidogo, isizidi upana wa kiganja. Ikiwa nafasi ya siti hairuhusu kipimo hicho bila kukubana wewe kwenye tangi, egemeo hilo ni nene mno kwa pikipiki yako, na dawa ni kupunguza unene wa mto, si kulisogeza nyuma zaidi.

Kwa urefu, mto unatakiwa kushika kiuno na sehemu ya chini ya mgongo. Ukingo wake wa chini uwe juu ya siti kwa kiasi cha upana wa vidole vinne au vitano, ili makalio yapate pa kuingia chini yake, na ukingo wa juu usipite mabega. Watu hutaka egemeo refu wakidhani ndilo la starehe, lakini kila sentimita unayoongeza juu inaongeza mvuto kwenye bolti kwa ile hesabu tuliyoifanya, na egemeo refu humvuta abiria kulala, jambo usilolitaka hata kidogo. Lilaze nyuma kidogo tu, kiasi cha digrii 10 hivi. Abiria aliyekaa wima hufuata mwendo wa pikipiki. Aliyelala huwa mzigo.

Sasa kitako. Keria nyingi za pikipiki za biashara hushikwa na bolti nne, mbili kila upande, moja ikiwa mbele na nyingine nyuma. Pima umbali wa bolti ya mbele na ya nyuma za upande mmoja, kisha upime na upande wa pili. Usishangae ukikuta tofauti ya milimita moja au mbili, hasa kama pikipiki imewahi kuanguka. Chukua chuma bapa chenye unene wa milimita 5 na upana wa milimita 40, ukate vipande viwili virefu kupita umbali huo kidogo. Kila kipande kitobolewe kwa drili, si kwa moto, matundu mawili ya kufuata bolti za keria na matundu mawili ya kufuata kitako cha egemeo. Ikiwa mguu wa keria umepinda au umeinuka, pinda bapa likiwa nje ya pikipiki mpaka lilale lenyewe juu ya mguu bila kulazimishwa. Bapa linalolazwa kwa nguvu ya bolti litakuwa linaivuta bolti hiyo usiku na mchana hata kabla abiria hajapanda. Piga tupa kingo zote na pembe zote, kwa sababu pembe kali ya chuma iliyo karibu na paja la abiria itachana suruali, kanga na ngozi kwa mfuatano huo. Halafu paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke vizuri, lakini mahali ambapo washa itakaa pabaki na rangi nyepesi tu. Rangi nene chini ya washa husagika kwa mtikisiko, na bolti uliyoikaza vizuri inabaki imelegea bila mtu kuigusa.

Kwa mpango huu egemeo halikai tena juu ya sentimita 6 za kitako chake, bali juu ya urefu wote wa bapa, na bapa linashikwa palepale kiwanda kilipokusudia. Usikubali kitako kifungwe kwenye vyuma vyembamba vya sahani ya keria peke yake. Vile vyuma viliwekwa kulaza mzigo mwepesi, na kitabu cha pikipiki hutaja kikomo cha uzito wa keria, ambacho kwa kawaida ni kidogo kuliko madereva wanavyoamini.

Bolti zilizokuja na egemeo ziweke pembeni. Umesema ni fupi, na hata zingekuwa ndefu ningekuuliza zina alama gani kichwani. Tafuta zilizoandikwa 8.8 juu ya kichwa, alama inayoonyesha uimara wa chuma chake, zenye nyuzi zinazolingana kabisa na zile utakazozifungua kwenye keria. Mara nyingi zitakuwa za milimita 8, zinazofunguliwa kwa spana namba 12 au 13, lakini usikisie: nenda dukani na bolti ya zamani mkononi. Urefu ndio unaohitaji akili. Bolti mpya iwe ndefu kuliko ya zamani kwa unene wa bapa, yaani milimita 5, pamoja na unene wa washa uliyoongeza. Ikiwa fupi, itashika nyuzi chache na kuzichana. Kwa bolti ya milimita 8, angalau milimita 8 za nyuzi zinatakiwa ziwe zimeingia. Ikiwa ndefu mno, ncha yake inaweza kutokeza chini ya madigadi, na hapo kuna hatari ambayo fundi mwenye haraka haioni, kwa sababu pikipiki ikiwa tupu tairi liko mbali. Ukibeba mtu na kuingia shimoni, shokapu zinaminyika, tairi linapanda, na ncha ya bolti inalichana. Basi baada ya kufunga, ingiza tochi ya simu kati ya tairi na madigadi, mwombe mtu mzito akae nyuma na kuruka kidogo, huku wewe ukitazama nafasi inayobaki.

Zingatia pia waya wa taa ya nyuma na indiketa, ambao hupita kandokando ya fremu hapohapo. Uvute pembeni kabla ya kulaza bapa, kwa kuwa waya uliobanwa haukatiki siku hiyo. Hukatika baada ya wiki kadhaa, usiku, na utaanza kulaumu balbu.

Ufungaji wenyewe ni mfupi. Toa bolti za keria upande mmoja kwanza ili keria isianguke, laza bapa, ingiza bolti zote kwa vidole mpaka zishike, fanya hivyo upande wa pili, kisha weka kitako cha egemeo na bolti zake nne kwa vidole pia. Hakuna kukaza hata moja kabla zote hazijaingia. Kisha kaza kwa kupishana, ya mbele kulia halafu ya nyuma kushoto, kidogo kidogo. Kama kati ya kitako na bapa pana pengo, lijaze kwa bushi ya bomba la chuma lililokatwa sawasawa. Usirundike washa tano wala usikate raba ya tairi kuukuu ukaiweka hapo. Raba inaonekana kama wazo zuri la kuzuia kelele, lakini huendelea kuminyika siku baada ya siku, na kila inavyominyika bolti inalegea. Palipo na nati, tumia ile yenye nailoni ndani. Palipo na nyuzi za fremu, tia tone la gundi ya kushikilia nyuzi.

Nguvu ya kukaza bolti ya milimita 8 ni kama nyutoni-mita 22. Wengi hatuna spana ya kipimo, kwa hiyo ichukulie hivi: ukishika spana sentimita 15 kutoka kwenye bolti, uivute kwa nguvu ambayo ingeinua kilo 15. Wavulana wa gereji hupenda kuongeza bomba kwenye spana ili "ikae", na wanachokifanya hapo ni kuivuta bolti mpaka irefuke au kuzichana nyuzi za fremu, jambo ambalo ni gharama kubwa kuliko egemeo lenyewe.

Likishafungwa, lijaribu kabla ya kumpandisha mtu. Kwa kuwa unabeba asali, hutakosa mtu mwenye mizani ya kuning'inizia. Funga kamba imara katikati ya mto, ning'iniza ndoano ya mizani kwenye kamba, na uvute kuelekea nyuma polepole mpaka isome kilo 30, huku mtu mwingine akiwa ameishikilia pikipiki kwa mbele. Msaidizi wa pili aweke kidole pale bapa linapokutana na mguu wa keria. Chuma kitanesa kidogo, na hilo si tatizo. Ambacho hakitakiwi ni kidole kuhisi pengo linafunguka, au egemeo kutorudi mahali pake ukiachia. Likibaki limeinama hata kidogo, nguzo zake ni laini na hazifai kubeba watu, hata kama mto wake umeshonwa kwa uzi wa rangi mbili. Rudia jaribio hilo kwa kuvuta pembeni kwa nguvu ndogo zaidi, maana abiria wa mchangani husukuma kwenda pembeni pia. Hakikisha kwamba taa ya nyuma, indiketa na namba ya pikipiki vinaonekana vyote kwa mtu aliyesimama nyuma yako.

Kuna jambo ambalo duka halitakwambia, nalo linawahusu hasa wazee wako. Pikipiki isiyo na egemeo, abiria hupitisha mguu juu ya mkia wa siti. Ukishafunga egemeo, njia hiyo imezibwa, na inampasa aupitishe mguu kati ya mgongo wako na mto, nafasi ambayo kwa mwenye nyonga inayouma ni nyembamba sana. Wewe shuka kwanza, weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, umsaidie akae, kisha upande mwenyewe kwa kupitisha mguu mbele, juu ya tangi. Inachukua muda, lakini mzee hatapanda kwa namna nyingine bila kukuangusha wewe na pikipiki. Kwa akina mama wanaokaa upande, egemeo halishiki mgongo hata kidogo. Linashika bega au mbavu za upande mmoja. Kwa ajili yao nguzo ziwe ndani ya upana wa mto, zisitokeze pembeni kama pembe, ili kanga au baibui isinase, na mshikio wa pembeni ubaki wazi ili wapate pa kushika. Kama egemeo lako linauziba mshikio huo, lirekebishe, kwa sababu kwa anayekaa upande mshikio una faida kuliko egemeo.

Tafadhali usimfunge mgonjwa kwenye egemeo kwa kitenge au kamba. Najua jambo hili hufanyika, na hufanyika kwa huruma. Egemeo humsaidia mtu anayeweza kujishika mwenyewe. Asiyeweza, pikipiki ikilala atalala nayo bila nafasi ya kujiokoa, na uzito wake wote uliolegea utakuwa unazivuta bolti zile kila upande. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe Kitete kwa bajaji au gari. Mishikaki nayo isahau kabisa. Sheria inakuruhusu abiria mmoja, wote wawili mkiwa na kofia ngumu, na wa tatu akibanwa kwenye egemeo atalibebesha nguvu ambayo hakuna hesabu tuliyoifanya inayoifikia.

Kuhusu asali, huna budi kuchagua. Asali ni nzito kuliko maji, na dumu la lita 20 lililojaa lina karibu kilo 28. Dumu hilo likikaa nyuma ya egemeo, liko mbali kabisa nyuma ya ekseli, na ukiongeza abiria tairi la mbele litakuwa linaigusa barabara kwa adabu tu. Likining'inizwa kwenye nguzo za egemeo ni baya zaidi, maana kila shimo linalivuta egemeo nyuma kama abiria anayerukaruka. Siku ya abiria iwe ya abiria. Siku ya asali, toa egemeo kwa kufungua bolti zake nne za kitako na uyaache mabapa yabaki kwenye keria, kisha laza dumu mbele, juu ya siti ya abiria, ulifunge kwa mipira miwili iliyopishana. Utaona watu wakiuza maegemeo ya kuchomoa kwa pini. Mimi siyapendi kwa kazi ya kila siku: tundu la pini hupanuka kwa mtikisiko, egemeo linaanza kucheza, na dereva anazoea ile kelele mpaka haisikii tena.

Mto wenyewe hauna mambo mengi. Ubao wake uwe plaiwudi ya milimita 12, sponji iwe ngumu, na fundi wa viti aache tundu dogo au mawili upande wa chini ili maji ya mvua yatoke. Mwombe leza ya rangi ya kahawia au kijivu badala ya nyeusi, kwa jua la hapa pikipiki inapoegeshwa nje ya hospitali saa saba mchana.

Baada ya kukaza kila kitu, chukua rangi ya kucha na uchore mstari mwembamba unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuishia kwenye chuma kilicho kando yake. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na utaliona hilo ukiwa unafuta vumbi asubuhi bila hata kushika spana. Kaza tena jioni ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu vyuma vipya hukaa sawa vikishatikiswa, kisha tazama mistari hiyo kila wiki, na wakati wa kiangazi kila unaporudi kutoka vijijini. Ukikuta ufa kwenye bapa, usiuchomelee. Kata bapa jipya, kisha rudi utafute ni bolti ipi ilikuwa imelegea au mguu upi wa keria haukulala sawa, kwa kuwa bapa la milimita 5 lililolala vizuri halipasuki bila sababu. Ukikuta ufa kwenye mguu wa keria au kwenye fremu, vua egemeo siku hiyohiyo na usibebe abiria mpaka fundi wa fremu aliyebobea autazame.